Chumvi ya Merle

Watu wakiniuliza shemeji yangu Alwyn Treloar alikuwa mtu wa namna gani, huwa naanza na kondoo, maana ukianza na watu hutamwelewa. Sikuwahi kumsikia akimwambia mtu neno tamu, na dada yangu aliyeolewa naye aliniambia hata yeye hakulisikia sana. Lakini asubuhi za baridi pale Melbourne, manyunyu yakigonga bati la banda lililokuwa nyuma ya maabara, ungemkuta amefika kabla yetu sote, kikombe cha chai mkononi, koti limelowa mabegani, anamtazama Mama Mkwe akitafuna.

Mama Mkwe alikuwa kondoo jike wa sufu, wa aina ya merino, mzee na mkaidi. Jina hilo alipewa na Kev, mtunza banda, kwa sababu ya jicho alilokuwa akimtolea kila aliyeingia.

"Hebu ona jicho hilo," Kev alikuwa akisema. "Utadhani nimemwoa binti yake nikamhamishia Sydney."

Alwyn alikuwa ameihamisha tezi moja ya kondoo huyo, ile ndogo inayokaa juu ya figo, akaipandikiza shingoni chini ya ngozi ili tuweze kuchukua damu yake bila kumtia mnyama hofu. Shavuni nako kondoo alikuwa na mrija mwembamba uliotiririsha mate kwenye ndoo. Mate ya kondoo yana chumvi nyingi. Yakimwagika, chumvi inapungua mwilini, na tezi ile inaanza kutoa homoni ya kuishikilia chumvi iliyobaki isiishie kwenye mkojo. Kondoo mwenyewe, ambaye hajasoma shule yoyote, ananyoosha shingo hadi kwenye chombo cha maji ya chumvi na kunywa kiasi kilekile alichopungukiwa. Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu kwa miaka mingi na bado linanishangaza.

Swali la Alwyn lilikuwa moja tu: nani anaiambia tezi? Damu ya kondoo inaijuaje njaa ya chumvi, na kwa nini tezi ikizidisha kazi presha inapanda hadi mishipa inapasuka? Baba yake, mchimba dhahabu wa Bendigo, alianguka akipasua kuni na hakuinuka tena, na daktari wa kule alisema ni presha, kisha akavaa kofia yake akaondoka. Alwyn alikuwa na miaka tisa. Nadhani maisha yake yote yalikuwa ni kumfuata daktari yule barabarani akimuuliza: presha inatoka wapi?

Jibu alilipata, na si yeye peke yake, maana kulikuwa na watu Marekani na Uingereza waliokuwa wakiukimbilia mlango huohuo. Ni figo. Figo ikihisi damu imepungua nguvu au chumvi imekwisha, inamimina homoni yake yenyewe, na hiyo ndiyo inayobana mishipa na kuiamsha tezi. Leo wanafunzi wanalikariri. Wakati ule watu wazima walitupiana maneno mikutanoni kwa sababu yake, na Alwyn alirudi kutoka mkutano mmoja huko Ulaya bila sauti, kwa ubishi.

Mimi naitwa Noreen. Niliingia maabara ile nikiwa msichana wa kuosha vioo, baadaye nikafundishwa kuchukua damu shingoni mwa kondoo, na ndimi niliyemleta dada yangu Merle kwenye sherehe yetu ya Krismasi. Merle alikuwa fundi cherehani katika kiwanda cha mashati, Brunswick. Alikuwa na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, na Jumamosi za mpira alikuwa akiitukana timu pinzani kwa lugha ambayo mama yetu hakujua ameitoa wapi.

Alwyn alimkaribia akiwa ameshika sahani ya keki, akaanza kumweleza habari za mate.

"Kumbe wewe ndiye yule wa mate!" Merle akasema. "Noreen ananisimulia. Nilidhani utakuwa mzee."

"Nina thelathini na moja."

"Basi unajizeesha mwenyewe. Weka sahani chini, tucheze."

Akaiweka. Hakujua kucheza, alimkanyaga usiku mzima, na kabla ya Krismasi iliyofuata walikuwa wameoana na kupata nyumba ya mbao karibu na reli. Watoto hawakujaliwa. Merle akaendelea na cherehani zake na Alwyn na kondoo wake, na Jumapili nilikuwa nakula kwao nyama ya kondoo ya kuoka, jambo ambalo Merle hakuchoka kumtania nalo.

"Huyu si wa kwako, Al? Nimehisi kama ananitolea jicho."

Sasa niseme habari ya unga, maana bila huo hakuna kisa. Kwetu, miaka ile, kila nyumba ilikuwa na unga wa kichwa, wa kutuliza maumivu. Ulikuja katika vikaratasi vilivyokunjwa, ukaununua dukani pamoja na maziwa na gazeti. Ulifungua karatasi, ukamimina unga kwenye ulimi, ukateremshia na chai, na dakika chache baadaye dunia ikawa nyepesi. Mama yetu aliunywa akimaliza kufua. Kiwandani kwa kina Merle, kengele ya chai ikilia, wanawake safu nzima walirudisha vichwa nyuma kwa pamoja, kisha wakarudi kwenye mashine. Katika chumba chetu cha chai pale maabara kopo la unga lilikaa baina ya sukari na biskuti. Hatukuuita dawa. Dawa ilitoka kwa daktari, ilikuwa na lebo na masharti. Huu ulikuwa unga tu.

Merle alianza kuumwa kichwa kwa namna nyingine mwaka ule wa baridi kali. Alisema anaona vidoadoa hewani. Jumapili moja, nyama ikiwa jikoni, Alwyn akatoa kipimo cha presha alichokuja nacho kutoka kazini, akamfunga mkononi pale mezani. Akapima mkono wa kushoto, akapima wa kulia, akarudia wa kushoto.

"Nimefaulu?" Merle akauliza.

Niliutazama uso wa Alwyn. Hofu ilikuwepo, siwezi kumdhulumu. Lakini nyuma ya hofu palikuwa na kitu kingine, na kitu hicho nilikifahamu, kwa sababu nilikiona bandani kila namba zilipokwenda alikotaka yeye. Sijawahi kumsamehe kabisa uso ule.

Wakaenda kwa daktari, rafiki yake Alwyn. Daktari akauliza maswali yake. Anavuta sigara? Hapana. Kwao kuna presha? Hapana. Anatumia dawa yoyote?

"Mimi? Sijawahi," Merle akasema, tena kwa fahari. Alwyn alikuwa amekaa pembeni yake akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyesema uongo mle chumbani.

Ndipo yakaanza majaribio. Alwyn alitaka mkojo wake wa mchana na usiku, wote, kwenye chupa kubwa, na Merle akawa anaupeleka maabara kwa tramu kabla ya kazi, ameipakata chupa kwenye mfuko wa sokoni. Siku moja mkagua tiketi akaiona.

"Umebeba nini humo, mama?"

"Bia ya nyumbani. Unataka kuonja?"

"Ningekuwa siko kazini ningeonja."

"Bahati yako, mwanangu," Merle akamwambia, na tramu nzima haikujua kwa nini mwanamke yule alicheka hadi kituo cha mwisho.

Majibu yalipotoka, Alwyn alinifuata bandani anakimbia. Kumwona Alwyn anakimbia ilikuwa kama kumwona jiwe linaruka.

"Nore, ni tezi! Homoni yake imepanda mno. Ana uvimbe kwenye tezi. Tukiutoa, presha inashuka, mambo yamekwisha!"

"Una hakika, shemeji?"

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na mitano. Kama mimi sina hakika, nani atakuwa nayo?"

Homoni ya figo ilikuwa bado ngumu kuipima siku zile, ilichukua wiki na mikono mingi, na mwenzake mmoja alimshauri asubiri aipime hiyo pia, maana tezi inaweza kupiga kelele kwa ajili yake yenyewe au kwa sababu imepigiwa kelele na figo. Alwyn hakutaka kusubiri. Alikuwa amelijua jibu kabla ya swali, ugonjwa ambao sisi vijana wake alitukemea kwa ajili yake kila wiki.

Na huku akingoja nafasi ya daktari wa upasuaji, akamwondolea Merle chumvi. Homoni inashika chumvi, chumvi inapandisha presha, basi chumvi itoke. Alikwenda kwa mwokaji akaagiza mkate usio na chumvi. Nyama ikaja mezani haina kitu. Kibweta cha chumvi akakificha gereji nyuma ya makopo ya rangi.

"Mkate huu una ladha ya pazia," Merle alisema.

"Utazoea."

"Pazia nalo mtu huzoea akiwa nondo mla nguo."

Mzaha ukapungua kadiri wiki zilivyokwenda. Merle akakonda, macho yakazama, miguu ikamkaza misuli hadi akapiga kelele. Na akawa mwizi katika nyumba yake. Nilimkuta stoo ameshika kijiko, analamba ile rojo nyeusi ya hamira tunayopaka mkate, chumvi tupu, anailamba peke yake kama asali. Alikunywa maji ya chupa ya vitunguu vya siki. Alwyn alimfumania na chupa hiyo mdomoni, nami nikiwepo.

"Merle! Unajiua kwa mdomo wako, kama mtoto!"

"Mwili wangu unataka, Al. Siwezi kukueleza. Ninaota chumvi."

"Mwili hautaki. Ni mazoea tu."

Akamnyang'anya chupa, akaimwaga kwenye sinki. Merle alilitazama lile sinki mpaka tone la mwisho.

Wiki hiyohiyo tulipata wageni maabara, na Alwyn akawaleta kwa Mama Mkwe. Mrija wa mate ulikuwa umemwaga tangu juzi yake. Kev akasogeza chombo cha maji ya chumvi, na kondoo akakirukia, akanywa, akanywa. Alwyn alisimama mkono mfukoni, anang'aa.

"Mnyama hadanganyi," aliwaambia. "Akikosa chumvi anajua, kuliko mimi na ninyi. Kazi yetu ni kumwamini."

Wageni wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika sindano pale pembeni, nikaona ni siku ya kawaida ya kazi, na Alwyn naye aliona hivyohivyo, ndiyo maana jioni, nyumbani, alifunga kabati la stoo na kutia ufunguo mfukoni.

Chakula bila chumvi kilimzidishia Merle maumivu ya kichwa. Basi kila jioni, akitoka kituo cha tramu, Alwyn alipitia duka la pembeni kuchukua gazeti na unga wa Merle. Ndicho kitu pekee ambacho mwanamume yule alikumbuka kumletea mke wake bila kuambiwa. Aliweka vikaratasi kando ya sahani, pale palipokuwa na kibweta cha chumvi, na Merle alikuwa akimbusu paji la uso.

Upasuaji ukafanyika mwishoni mwa mwaka. Tezi ya kushoto ikatolewa. Daktari wa upasuaji akatoka, akasema ni safi kabisa, haina uvimbe, haina doa. Alwyn akaomba ikatwe vipande vyembamba vya kutazama kwa hadubini, akavitazama yeye mwenyewe siku nzima. Safi. Presha ya Merle haikushuka hata kidogo. Alipokwenda kumwona wodini akaanza kumwambia kwamba huenda kosa liko kwenye tezi ya kulia.

"Mimi si kondoo, Al," Merle akasema. "Hiyo ya kulia niachie."

Alikuwa bado nyumbani anajiuguza alipokuja kwetu maabara Dokta Quaife. Alikuwa daktari wa kuchunguza maiti kutoka Sydney, mtu mfupi mwenye sauti ya upole, akaombwa atupe mazungumzo kidogo katika chumba cha chai baada ya chakula cha mchana. Alileta picha za figo. Ncha za ndani zilikuwa zimekufa, nyeusi, zimekatika. Akasema anaziona nyingi mno, hasa za wanawake, hasa wa viwandani, na kwamba kwa muda mrefu hakuelewa.

"Tuliwauliza, mnatumia dawa? Wote wakasema hapana," alisema. "Siku moja muuguzi akamuuliza mgonjwa, unga je? Mama yule akamtazama kama mjinga. 'Aa, unga! Nani hanywi unga?'"

Chumba kizima kikaangua kicheko, kwa sababu wakati uleule Ross, msaidizi wa Alwyn, alikuwa amekaa nyuma ameinua kichwa, karatasi iko mdomoni. Ross akabaki hivyo, hajui ameze au ateme.

Dokta Quaife alicheka pia kidogo, akasubiri. Kisha akasema: "Jambo jingine. Figo hizi haziwezi kushika chumvi. Zinavuja. Tezi inahangaika kuizuia, mkiipima mtakuta homoni iko juu, na wagonjwa wanalilia chumvi. Nawaomba msiwanyime."

Alwyn alisimama. Kiti chake kikaanguka nyuma, na kila mtu akageuka akidhani ana swali. Alitoka bila kofia. Nikamfuata, nikamkuta kwenye gari la maabara anashindwa kuingiza ufunguo. Tukaenda moja kwa moja nyumbani kwao.

Merle alikuwa uani ananing'iniza nguo kwenye kamba, vibanio mdomoni.

"Merle, unga," Alwyn akasema. "Kwa siku unakunywa pakiti ngapi?"

Akatoa vibanio. "Mbona mchana huu mko hapa? Unga gani?"

"Wa kichwa. Ngapi?"

"Sijui, nani anahesabu? Kazini kila chai, nyumbani kila chai. Siku ya joto na zaidi."

"Tangu lini?"

"Tangu niingie kiwandani. Nilikuwa binti. Kuna nini, Al?"

"Daktari alikuuliza. Alikuuliza kama unatumia dawa!"

"Ule si dawa. Ule ni unga." Akautazama uso wake, akanitazama mimi, kisha sauti yake ikashuka. "Al, si wewe mwenyewe unayeniletea?"

Alwyn akaingia gereji. Nikasikia makopo ya rangi yakianguka. Akarudi na kibweta cha chumvi, kina utando wa buibui, akaingia jikoni, akakata nyanya, akainyunyizia, akatoka nayo kwenye sahani. Merle aliila amesimama pale chini ya mashuka yaliyolowa. Akaomba nyingine. Aliramba sahani, akaramba vidole, na machozi yalikuwa yakimtoka, si ya huzuni, ya utamu. Alwyn alisimama akimwangalia akila, jinsi alivyokuwa akimwangalia Mama Mkwe, na mwishowe akaketi kwenye kikapu cha nguo, akajifunika uso kwa mikono.

Ningependa kusema alipona. Unga ulikatwa siku ileile, Alwyn akaipekua nyumba nzima na kuutupa wote, na kwa majuma Merle alitetemeka na kutapika kwa kuukosa. Chumvi ilimrudishia nguvu kidogo. Alirudi uwanjani kutukana marefa msimu mmoja, hata na nusu. Lakini figo zilikuwa zimekwisha ndani kwa ndani, na mashine za kusafisha damu wakati ule zilikuwa chache mno. Madaktari walichagua wenye watoto wadogo. Merle hakuchaguliwa. Alisema ni haki.

Alitaka kufia nyumbani. Ilikuwa Januari, upepo wa kaskazini umeivamia nyumba kama mtu amefungua mlango wa tanuri, na yeye amelala veranda ya nyuma kwenye kivuli. Nilikuwa jikoni nikivunja barafu, mchana, niliposikia wanaongea.

"Al. Nipe unga mmoja."

"Siwezi, Merle."

"Mmoja tu. Kichwa kinapasuka."

"Ni sumu kwa figo zako."

"Figo zipi?" Merle akasema.

Nilitoka na bakuli la barafu mkononi. Alwyn alikuwa ameushika mkono wake, anatikisa kichwa, anatikisa kichwa.

"Mpe!" nikamwambia. "Mpe, shemeji, kwa ajili ya Mungu! Utamdhuru nini sasa?"

"Nore, siwezi. Huu ndio uliomuua."

"Hajafa! Anaumwa kichwa!"

Nilivua aproni nikatoka mbio kwenda duka la pembeni. Lilikuwa limefungwa kwa joto. Nikaenda la pili, mbali, nikarudi jasho linanitiririka na vikaratasi vimelowa kiganjani. Merle alikuwa hasemi tena. Macho yalikuwa wazi nusu, anapumua kwa nguvu, na Alwyn bado ameushika mkono ule. Alikufa kesho yake asubuhi, na vile vikaratasi nilikaa navyo kwenye mfuko wa gauni hadi kwenye mazishi.

Nilifanya kazi na Alwyn miaka mingine mingi. Nilisema naye habari za damu na sindano, basi. Alipata sifa zake. Kazi yake juu ya figo na tezi ilikuwa ya kweli, hilo hakuna wa kumnyang'anya, na kuna watu wengi wanaotembea leo presha zao zikiwa zimetulia kwa sababu yake na wenzake. Mama Mkwe alikufa kwa uzee, tukamzika nyuma ya banda ingawa haikuruhusiwa. Alwyn akaandamana na kina Dokta Quaife ofisi hadi ofisi, mpaka serikali ikauondoa unga ule madukani. Mikutanoni alikuwa na swali moja kwa kila kijana aliyesimama kueleza wagonjwa wake wanakula nini: "Uliwauliza kila kitu, au uliwauliza dawa tu?" Vijana walikuwa wakimwigiza nyuma yake. Siku ya kumuaga alipostaafu walimpa hotuba ndefu na saa ya ukutani, naye alipoombwa kujibu alisema amekosea jambo moja tu lililokuwa na maana, akaketi. Walidhani ni unyenyekevu, wakapiga makofi.

Uzee ndio uliotupatanisha, au upweke. Akaanza kuja kwangu Jumapili. Tunakula nyama ya kuoka, anaosha vyombo vibaya, anakwenda zake. Habari za Merle hatukuzigusa.

Jumapili ya juzi niliinama kuzima tanuri, kichwa kikanigonga, nikasema tu, kama mtu asemavyo, "Looo, kichwa changu." Sikuwa nimemaliza kuinuka, Alwyn alikuwa amesimama. Ana themanini na kitu, kusimama kwake ni shughuli. Akachemsha maji. Akafungua kabati zangu moja baada ya nyingine, nikamwambia vidonge viko kwenye droo, salama vile, daktari wangu ndiye aliyenipa. Akaisoma lebo yake, akaisoma tena. Akatoa kimoja, akakileta juu ya kisahani pamoja na kikombe cha chai.

"Kunywa, shemeji."

"Kimeshaniacha, Al. Kilikuwa kidogo tu. Keti."

"Kunywa," akasema. "Usiniambie hapana." Akanisogezea kisahani. "Aliniomba mmoja, Nore. Mmoja tu."

Kichwa hakikuwa kikiniuma hata chembe. Nilikichukua kile kidonge, nikakiweka ulimini, nikakiteremshia na chai yake iliyokuwa moto kupita kiasi.

"Asante, Al," nikamwambia. "Sasa nimepata nafuu."

Naye akaketi.